Mgeni wa Siku Mbili

Asubuhi ya masika Rungwe huanza na ukungu. Kwenye banda la kupokelea chai, kando ya barabara ya udongo mwekundu, wakulima wanashusha vikapu na viroba vya majani mabichi, wanayamwaga na kuyachambua: majani mawili na chipukizi lake yabaki, jani gumu litupwe. Kisha karani anatundika kiroba kwenye mizani, anasoma, anaandika kitabuni na kumkatia mkulima risiti. Tendo hilo halimalizi dakika moja. Hata hivyo, ugomvi mwingi wa karne nzima ya kilimo cha biashara katika Nyanda za Juu Kusini umezaliwa hapo, kati ya jicho la karani na mshale wa mizani.

Siku hizi banda hilo hupokea mgeni mara moja moja. Anashuka garini na kompyuta mpakato na orodha ndefu ya maswali. Ubora wa chai ni sehemu ndogo tu ya kilichomleta. Anauliza mizani ilihakikiwa lini na nani. Anauliza dawa za shamba zinatunzwa wapi, kibarua analipwa kwa siku au kwa kilo, yule mtoto aliyebeba kikapu ana umri gani na kwa nini leo hayupo shule, na kamati ya wakulima ilichaguliwa kwa kura au kwa kunong'onezana. Huyu ni mkaguzi wa maadili, na karatasi atakayoiandika inaweza kuifungulia chai ya Rungwe rafu za duka la Uingereza, au kuzifunga.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkaguzi kwa kawaida huondoka kabla ya siku ya tatu. Hii ni historia ya safari iliyomfikisha bandani, na ya watu walioshika kalamu kabla yake.

Alama thelathini

Chai ilipandwa kwa majaribio Amani, Usambara, mwaka 1902, na miaka miwili baadaye ikafika Kyimbila, karibu na Tukuyu, Rungwe. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kilimo cha chai cha biashara kilianza mwaka 1926, Waingereza wakiwa watawala. Upande wa Iringa, kwenye ukingo wa Mufindi ambako mvua na ukungu havikauki, walowezi walifungua mashamba, na wengi wao walikuwa Wajerumani waliorudi baada ya Vita vya Kwanza. Vita vya Pili vilipozuka mali zao zikashikwa kama mali za adui. Kampuni za Kiingereza zikaingia, na Brooke Bond ikawa jina kubwa la chai katika milima ile.

Mwaka huohuo wa 1926 serikali ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi, chini ya Meja Granville Orde-Browne. Kwa mara ya kwanza palikuwa na ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka mashambani na kutazama vibarua wanalala wapi, wanakula nini na wanalipwa lini. Huyo ndiye babu wa mkaguzi wa leo. Umri wa idara hiyo haukuwa mrefu. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipobisha hodi mwanzoni mwa miaka ya 1930, idara ilivunjwa ili kubana matumizi, na ikachukua miaka kadhaa kabla ya kufufuliwa. Somo la kwanza la historia hii limo humo: bajeti inapokonda, jicho linalomtazama kibarua huwa la kwanza kufumbwa.

Aliyebaki na kumbukumbu ni nyapara, na kumbukumbu yenyewe ilikuwa kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku thelathini. Kibarua alipimiwa ngwe yake asubuhi. Akiimaliza, aliwekewa alama. Asiyeimaliza hakuwekewa, hata kama jua lilimzamia shambani. Ujira ulitoka alama zilipotimia thelathini, kwa hiyo mwezi wa kibarua haukulingana na mwezi wa kalenda. Kadi ilikaa mfukoni mwake yeye, lakini kalamu ilikaa mkononi mwa mwingine.

Milima hii ilijua jambo hilo hata nje ya chai. Wabena na Wakinga waliandikishwa kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge, na mwaka 1944 wenye mashamba hayo walianzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU. Waliokwenda waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Jina likawa tusi, na hadi leo mzee wa Njombe au Makete akimwambia kijana wake "usiende kuwa manamba" hahitaji kueleza zaidi.

Mizani ya chama

Wakulima wadogo waliona njia ya kushika kalamu wenyewe: ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa Tanganyika mwaka 1932, na baada ya Vita vya Pili vyama vikaenea katika nyanda za kusini, vikikusanya kahawa na mpunga wa wanachama. Uhuru ulipokuja, ushirika ukawa mlango mkuu wa mkulima kufika sokoni.

Lakini malalamiko nayo yalifika haraka. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilisikia habari za makarani wasio waaminifu, makato yasiyoelezwa na viongozi waliokaa mbali na wanachama. Katika yote iliyoyaandika, jambo moja linafaa kukumbukwa mpaka leo: wanachama hawakuwa na habari. Hawakujua chama chao kinauza kwa bei gani, kinakata nini, wala wana haki ya kuuliza nini. Dawa iliyotolewa ilitoka juu. Serikali iliongeza mkono wake, vyama kadhaa vikawekwa chini ya uangalizi, na tatizo la habari likabaki palepale lilipokutwa.

Mwaka 1968 ikaundwa Mamlaka ya Chai Tanzania kusukuma zao hilo kwa wakulima wadogo. Rungwe ikajaa vishamba vya chai kando ya migomba, na majani yakapelekwa viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima na kazi zao kupewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Katikati ya kuvunja na kuunda huko, ukaguzi haukukoma hata siku moja. Jani lilikaguliwa kama ni laini, kapu lilikaguliwa kama lina umande, shamba lilikaguliwa kama lina magugu. Mkulima alikaguliwa na kila mtu. Hakuna aliyekaguliwa kwa niaba yake.

Miaka ya 1980 na 1990 mfumo ulichoka. Malori yaliharibikia njiani, majani yakaozea mabandani, malipo yakachelewa kwa miezi. Wengine waliacha chai ikarefuka ikawa msitu. Sheria ya mwaka 1997 ikaivunja Mamlaka: usimamizi ukaenda kwa Bodi ya Chai, na uendelezaji wa wakulima wadogo ukapewa wakala wake. Kuingia karne mpya, viwanda vya Katumba na Mwakaleli vilikuwa mikononi mwa Wakulima Tea Company, ambamo kampuni ya TATEPA ilikuwa mbia mkubwa na chama cha wakulima wadogo wa chai wa Rungwe, maarufu kwa kifupi cha RSTGA, kilikuwa na hisa zake. Mkulima alikuwa sasa mwuza majani na mwenye hisa katika kiwanda kinachoyanunua, hali inayompa mtu maswali mengi kuliko majibu.

Ng'ambo wanaanza kuuliza

Wakati huohuo huko Ulaya mnywaji wa chai alikuwa akibadilika. Maduka makubwa yalikuwa yameshika soko la chakula, na jina la duka lilikuwa mali ya thamani kuliko jengo lake. Mwandishi mmoja akionyesha picha ya mtoto shambani, jina linachafuka kwa usiku mmoja. Mwaka 1997 kikatokea kiwango cha SA8000 cha hali za wafanyakazi. Mwaka 1998 kampuni za Uingereza, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kiraia wakaunda Ethical Trading Initiative, na kanuni zake tisa zikawa kama katekisimu ya kazi hii: kazi iwe ya hiari, wafanyakazi wawe huru kuunda chama, mahali pa kazi pawe salama, watoto wasiajiriwe, ujira utoshe kuishi, saa zisizidi kiasi, asibaguliwe mtu, ajira iwe ya uhakika, asitendewe mtu ukatili.

Afrika Mashariki haikukaa ikingoja kufundishwa. Mwaka 1999 watetezi wa haki nchini Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Italia, walianzisha kampeni juu ya mshahara na viuatilifu katika mashamba ya mananasi ya Del Monte huko Thika, ambayo wakati huo yalimilikiwa na kampuni ya Kiitalia. Kampeni ilifanikiwa kwa sababu mlaji wa Italia aliuliza swali lilelile ambalo kibarua wa Thika alikuwa akiliuliza peke yake.

Rungwe ilifikiwa na wimbi hilo kupitia Fairtrade. RSTGA, chama chenye wakulima maelfu kwa maelfu, kilipata cheti, na chai yake ikaingia kwenye pakiti za Cafédirect huko Uingereza. Utaratibu wake una miguu miwili. Wa kwanza ni masharti, ambayo tangu mwaka 2003 hukaguliwa na taasisi ya FLOCERT yenye makao Bonn, Ujerumani. Wa pili ni fedha ya ziada juu ya bei, ambayo wakulima wenyewe huamua katika mkutano wao itumike kwa nini: darasa, zahanati, daraja, banda jipya la chai. Mkaguzi akija hudai kuona muhtasari wa mkutano huo. Daftari la wanachama, orodha ya waliohudhuria, hesabu za fedha ya ziada, vyote viwe mezani. Kile ambacho kamati ya mwaka 1966 ilikikosa, yaani mwanachama mwenye habari, sasa kilikuwa sharti la biashara. Wapo wakulima waliojifunza kuuliza "fedha ile ilikwenda wapi?" kwa sababu karatasi ya mgeni ilisema wana haki ya kuuliza.

Chura wa Mufindi

Mufindi hadithi ilikuwa nyingine, kwa kuwa mchumaji wa kule ni mwajiriwa. Haki yake haimo katika bei ya jani. Imo katika mshahara, nyumba, saa na heshima. Unilever iliinunua Brooke Bond mwaka 1984 na kurithi mashamba yake, pamoja na misitu ya asili iliyobaki kati ya vilima vya chai. Mwaka 2007 kampuni ilitangaza kwamba chai ya Lipton itatoka katika mashamba yenye cheti cha Rainforest Alliance, na chura wa kijani wa shirika hilo akaanza kuonekana kwenye pakiti. Kericho, Kenya, ilitangulia, Mufindi nayo ikaingia katika mpango.

Masharti ya chura yanasomeka kama ukaguzi wa nyumba nzima. Msitu usikatwe, mto uwe na ukanda wa miti, mpuliza dawa awe na buti na barakoa, kambi iwe na maji na vyoo, mfanyakazi awe na mkataba. Anayesoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 atagundua kwamba mengi ya hayo ni sheria ya nchi: saa 45 za kawaida kwa wiki, marufuku kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, kilikuwa kikiyadai bila chura yeyote. Kwa nini basi mkaguzi wa kigeni asikilizwe zaidi ya ofisa kazi wa wilaya? Ofisa kazi huja na kifungu cha sheria, akipata gari. Mkaguzi huja na soko mkobani. Mwenye shamba anajua kipi kinauma.

Rangi mbichi ukutani

Ukaguzi wenyewe una desturi zake. Asubuhi kuna kikao cha kufungua. Kisha mkaguzi anatembea shambani, kiwandani, jikoni na kambini. Anafungua mafaili ya mishahara na kulinganisha saa na malipo. Anawaita wafanyakazi wachache faraghani. Jioni ya mwisho anasoma mapungufu, makubwa na madogo, na kila moja linapewa tarehe ya kurekebishwa. Ripoti zinazoandikwa kwa utaratibu wa ukaguzi uitwao SMETA hupanda kwenye mtandao wa Sedex, ulioanza kazi mwaka 2004, ili wanunuzi wengi wasome ripoti moja.

Hapo ndipo methali nyingine inapong'ata: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tarehe ikijulikana, rangi hupakwa, bomba lililokauka hutoa maji, sabuni huonekana chooni, na barakoa mpya hugawiwa zikiwa bado na harufu ya kiwandani. Wanaoitwa faraghani wanajua kwamba mgeni ataondoka na msimamizi atabaki. Tena mara nyingi gharama ya ukaguzi hulipwa na huyohuyo anayekaguliwa.

Dunia imelipa gharama ya udhaifu huo. Mwezi Septemba 2012, moto katika kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, Karachi, uliua zaidi ya watu 250. Kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000 wiki chache kabla. Karibu na nyumbani, Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi kutoka mashamba ya chai ya Kericho ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mashamba yaliyotajwa yalikuwa ya James Finlay, na mengine yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na Unilever kabla ya kuuza biashara yake ya chai mwaka 2022, mauzo yaliyoihusu Mufindi pia. Wakaguzi walikuwa wamepita huko mwaka baada ya mwaka. Habari hiyo haiihukumu Mufindi. Inachosema ni kwamba kuna maovu yasiyoandikwa katika faili la mishahara, na mchumaji hatamwambia mgeni jambo ambalo bado hajapata pa kumwambia mwenyeji. Rainforest Alliance yenyewe, katika kiwango chake cha mwaka 2020, ilihama kutoka kupiga marufuku peke yake na kudai shamba liwe na kamati inayotafuta dalili za ajira ya watoto na unyanyasaji, na kuzishughulikia mwaka mzima. Ilikuwa namna ya kukiri kwamba siku mbili hazitoshi.

Mkaguzi wa kijijini

Katika miaka hiyo zao jipya lilipanda mlima. Parachichi aina ya Hass, lenye ganda gumu linalostahimili safari ya meli, lilienea Rungwe na Njombe, na kampuni kama Rungwe Avocado zikaanza kununua kwa wakulima wadogo kwa ajili ya Ulaya. Soko hilo lilikuja na cheti cha GLOBALG.A.P., kilichozaliwa mwaka 1997 kwa jina la EUREPGAP. Mkulima mwenye miti thelathini hawezi kumlipia mkaguzi, kwa hiyo wakulima huingia kama kikundi.

Hesabu ya kikundi inavutia. Mkaguzi wa nje hatembelei kila shamba; hutembelea idadi inayolingana na kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama. Kikundi cha watu 100, anaona mashamba 10. Kikundi cha watu 900, anaona 30. Mashamba yote hukaguliwa kila mwaka na mkaguzi wa ndani, kijana au mama wa kijiji hichohicho aliyefundishwa kusoma kibandiko cha dawa, kuhesabu siku kati ya kupulizia na kuchuma, na kuandika. Anajua nani anamtuma mtoto shambani siku ya shule, maana mtoto huyo ni jirani yake. Udhaifu wake ni huohuo wa ujirani: ni vigumu kumwandikia mjomba kosa. Nguvu yake ni kwamba kesho bado atakuwepo.

Umuhimu wa kazi yake unazidi kukua. Ujerumani imekuwa na sheria inayozibana kampuni zake kuhusu haki za watu katika mnyororo wa ugavi tangu Januari 2023. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayotaka kahawa, kati ya mazao kadhaa, ithibitishwe kuwa haikutoka kwenye msitu uliokatwa, jambo linalomgusa mkulima wa kahawa wa Mbozi ambaye shamba lake linahitaji alama ya ramani. Upande wa pili, itifaki iliyolifungulia parachichi la Tanzania soko la China mwaka 2022 ni ya afya ya mimea: inauliza juu ya wadudu, haiulizi juu ya mchumaji. Haki inayotegemea mnunuzi hubadilika mnunuzi anapobadilika.

Gunia lisilo na mgeni

Na kuna chakula ambacho hakina mnunuzi wa ng'ambo kabisa. Viazi mviringo vya milima ya Uporoto na Umalila hupanda malori usiku kuelekea Dar es Salaam. Havina chura wala cheti. Vina lumbesa: gunia linaloongezewa kichwa kwa kamba hadi lipite uzito wa halali wa kilo 100, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Lumbesa imekatazwa na sheria, na Wakala wa Vipimo, iliyoundwa mwaka 2002, huikemea kila msimu. Hata hivyo mfanyabiashara humwambia mkulima, "Bila kichwa silichukui," na viazi havingoji hukumu. Kitakachomsaidia mkulima huyo ni kituo cha kuuzia chenye mizani, na jirani zake wote wakikubaliana kuuza kwa kilo. Vijiji vinavyoshikamana huuza kwa kilo. Kimoja kikilegea, lori huenda huko.

Ukiiweka lumbesa pembeni ya kipande, na kipande pembeni ya ripoti ya SMETA, unaona ni swali moja limepita miaka mia: nani anaandika, na anayeandikwa anaweza kusoma? Orde-Browne alikuwa na nia, idara ikavunjwa. Kamati ya 1966 ililiona tatizo, dawa ikatoka juu. Mgeni wa leo ameleta masharti mazuri kuliko wote waliomtangulia, na gari lake linawashwa jioni ya siku ya pili.

Siku ya tatu ina jembe. Jembe lenyewe ni mambo madogo: mchumaji wa Mufindi anayejua kwamba saa zake ni 45 na ana chama cha kusemea, mwanachama wa Mwakaleli anayeomba muhtasari kabla ya kunyoosha mkono, mkulima wa Umalila anayekataa kufunga kichwa. Na bandani, ukungu ukianza kuinuka, mama mmoja ametundika kiroba chake. Hajarudi nyuma kungoja risiti. Amesogea karibu, ameinua uso, anausoma mshale kwa sauti. Karani anainamisha kalamu na kuandika alichokisikia.